Jina Lisiporudi: Rufaa ya Anayeuguza Nyumbani

Vijijini kwetu watu hawasemi maombi yao yamekataliwa. Husema, "Jina langu halikurudi." Mkutano umeitwa, kila kitongoji kimetaja kaya zake zenye hali ngumu zaidi, wawezeshaji wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, wamepita nyumba kwa nyumba na dodoso, majina yamekwenda. Siku ya kusomwa orodha unasikiliza hadi mwisho, jina lako halimo. Barua hupewi, sababu hupewi. Ukiuliza, utaambiwa kompyuta ndiyo iliyochagua, au nafasi zimejaa. Au utapewa jibu ambalo ndilo lililonifanya niandike safu hii: "Wewe dada una nguvu zako, utafanya kazi."

Jibu hilo huwaangukia sana watu wanaouguza. Chukua kaya ya mfano katika kata ya Ruanda, wilayani Mbozi. Mama ana miaka sabini na kitu, alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Binti yake wa miaka arobaini amerudi nyumbani kumuuguza. Kwenye dodoso kaya hiyo ina mgonjwa mmoja na mtu mzima mmoja mwenye afya, na huyo mwenye afya anaonekana angeweza kuchuma kahawa ya watu msimu ukifika, kulima vibarua vya mahindi, au kwenda Mlowo kutafuta riziki sokoni. Karatasi haioni kwamba hawezi kuondoka nyumbani hata nusu siku.

Tuitazame kwa karibu kazi anayoifanya. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Asipogeuzwa, ngozi ya kiunoni na kwenye visigino hubadilika rangi, kisha hupasuka, na kidonda cha namna hiyo kikishaingia ndani kinaweza kumuua mtu kabla ya kiharusi chenyewe. Kumlisha nako kuna utaratibu wake. Kiharusi mara nyingi huharibu kumeza, kwa hiyo mgonjwa hukalishwa wima, uji huwa na uzito wa kadiri, na kila kijiko husubiriwa kimezwe ndipo kifuate kingine, maana uji ukipalia unaingia mapafuni. Baada ya hapo kuna mashuka ya kufua, maji ya kuteka kwa madumu, dawa za shinikizo la damu zinazotakiwa kumezwa kila siku bila kukosa. Na uzito wa mtu mzima unaonyanyuliwa mara kadhaa kwa siku unaanguka wote juu ya kiuno cha huyo huyo binti. Hospitalini kazi hii hugawanywa kwa zamu. Ruanda anaifanya mtu mmoja, halafu tunaandika kwamba hana kazi.

Kosa hili si dogo, kwa sababu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ndio wa TASAF, unaitegemea sana hesabu ya nguvu kazi. Awamu yake ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ilitenganisha kaya zenye watu wanaoweza kufanya kazi na kaya zisizo nao. Zisizo na uwezo hupewa ruzuku moja kwa moja. Zenye uwezo huelekezwa kwenye ajira za muda: kuchimba mitaro, kutengeneza barabara za kijiji, kupanda miti, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Ni mpango wenye busara ndani yake, na awamu hiyo pia iliongeza ruzuku kwa kaya zenye watu wenye ulemavu. Lakini anayeuguza akihesabiwa nguvu kazi anabanwa kotekote. Jina lisiporudi, amekosa. Jina likirudi, anapangiwa mtaro. Akienda mtaroni, nani atamgeuza mgonjwa? Asipoenda, daftari la mahudhurio litamnyima malipo, na mwakani ataambiwa kaya yake haishiriki.

Sasa twende Tunduma, mwendo mfupi tu kwa barabara kuu ya kwenda Zambia, tuone jinsi dola hiyo hiyo inavyoweza kuliona jambo hili vizuri kabisa inapotaka.

Mji ule unaishi kwa malori. Madereva, matingo na wapakuaji wa mizigo huumia, na baadhi yao huumia uti wa mgongo wasinyanyuke tena. Tuseme dereva aliyeajiriwa na kampuni amepata ajali akiwa kazini, sasa yuko kitandani kwao, na mkewe ndiye mikono yake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtambua mke huyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaujua kwa jina la WCF, ulioanza kazi Julai 2015, una orodha ya mafao, na mojawapo ni malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Hutolewa pale ambapo mfanyakazi aliyeumia hawezi kufanya mambo ya lazima ya maisha bila msaada wa kudumu wa mtu mwingine. Ni fao lililo mbali na pensheni ya ulemavu, na fedha zake zinatokana na michango ya waajiri, ambayo kwa sekta binafsi ilikuwa asilimia 1 ya mishahara hadi ilipoanza kupunguzwa mwaka 2021.

Fao hilo likikataliwa, njia ya kupinga ipo ndani ya sheria yenyewe: uamuzi wa Mfuko huombewa mapitio, shauri hufika kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na asiyeridhika huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Dai la fidia linatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, na hapa familia nyingi huteleza, kwa sababu miezi ya kwanza yote huishia hospitalini na kwa ndugu. Jambo la pili linaloangusha madai ni ripoti ya daktari. Ripoti inayosema tu kwamba mgonjwa "amepooza miguu" haimsaidii anayemhudumia. Inatakiwa ieleze kwamba hawezi kujigeuza, hawezi kwenda haja bila kusaidiwa, hawezi kujivalisha. Fao hupimwa kwa vitendo hivyo, na daktari asipoviandika, mkaguzi wa dai hana pa kushikilia. Familia yenye barua ya kukataliwa irudi kwanza kwa daktari na swali hilo, kisha ndipo iandike maombi ya mapitio.

Wagonjwa hawa wawili, dereva wa Tunduma na mama wa Ruanda, wanalala kitanda cha namna moja. Wanageuzwa kwa saa zile zile. Kinachowatofautisha ni namna walivyoanguka. Mmoja alianguka akiwa na mwajiri, mwingine alianguka shambani kwake baada ya miaka hamsini ya jembe. Naelewa hoja ya bima: fedha za WCF ni za waajiri na haziwezi kumlipa asiyekuwa mwajiriwa. Siombi zimlipe. Ninachosema ni kwamba tumeshaandika katika sheria ya nchi kuwa kumhudumia mtu asiyejiweza ni mzigo unaostahili malipo. Mtu akishalikubali hilo kwa dereva, hawezi kumwambia binti wa Ruanda kwamba yeye yupo nyumbani tu.

"Yupo nyumbani tu" ina historia ndefu, na siyo ya Afrika peke yake. Uingereza ilianzisha posho ya watu wanaoacha kazi ili kuuguza mwaka 1976. Mwanamke aliyeolewa na anayeishi na mumewe hakuruhusiwa kuipata. Waliotunga sheria walidhani mke wa mtu angekuwa nyumbani kwa vyovyote vile, kwa hiyo hakuna alichopoteza. Mwaka 1984 Jacqueline Drake, mwanamke aliyeolewa, aliacha kazi yake amuuguze mama yake mzazi aliyehamia kwake. Aliomba posho, lakini sheria ilimzuia kwa sababu ya ndoa yake. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya, na Juni 1986 mahakama ikaamua kwamba kumnyima ilikuwa ubaguzi wa kijinsia. Serikali ilipoona upepo unakoelekea, ilitangaza siku moja kabla ya hukumu kwamba itabadilisha sheria, na maelfu ya wanawake wengine wakaingia kwenye posho hiyo kupitia mlango alioufungua yeye.

Ninaipenda kesi ya Drake kwa jambo moja la kiufundi. Hakubishana kuhusu ugonjwa wa mama yake, wala kuhusu umaskini wake mwenyewe. Alilenga dhana iliyokuwa chini ya kuzuiwa kwake. Ndivyo inavyotakiwa kufanywa Ruanda pia. Anayeuguza akienda kwa mtendaji kulia njaa, atapewa pole, kwa sababu kijiji kizima kina njaa ya namna fulani na orodha ina mwisho. Akienda kusema, "Mmenihesabu kuwa nguvu kazi, na hesabu hiyo si sahihi kwa sababu hizi," amegusa kitu kinachoweza kurekebishwa.

Majirani zetu wamejaribu, kila mmoja kwa namna yake. Ng'ambo tu ya Tunduma, Zambia ina ruzuku yake kwa kaya maskini, na kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hulipwa mara mbili ya kiwango cha kawaida. Kenya tangu 2011 ina ruzuku mahususi kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ambayo leo iko chini ya Inua Jamii: shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya yenye mtu anayehitaji uangalizi wa wakati wote, na mlezi ndiye huipokea kwa niaba yake. Zanzibar ililitatua la wazee kwa njia iliyo rahisi kuliko zote. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa Pensheni Jamii bila kupimwa umaskini, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mama wa Ruanda angekuwa Pemba, angekuwa na fedha yake mwenyewe kila mwezi, na ubishi kuhusu nguvu za binti yake usingekuwapo.

Afrika Kusini ndiyo iliyofika mbali zaidi. Mtu anayepokea ruzuku ya uzee au ya ulemavu akihitaji mtu wa kumhudumia muda wote, huongezewa ruzuku nyingine kwa ajili ya mhudumu huyo. Mwaka 2024 ilikuwa randi 530 kwa mwezi. Ni kiasi kidogo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba sheria yao ya mwaka 2004 inamlazimisha ofisa anayemkataa mwombaji ampe sababu hapo hapo na amweleze haki yake ya kupinga ndani ya siku 90. Kukataliwa kunakuwa na karatasi, na karatasi ndiyo mwanzo wa rufaa yoyote.

Sisi hatuna karatasi hiyo. Swali ni kama tunaweza kuidai, na jibu langu ni ndiyo.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kutimiza haki ya mtu kupata hifadhi wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Watu wengi huisoma ibara hiyo wakashangilia, bila kusoma Ibara ya 7 inayosema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama. Kwa hiyo usimpeleke mtu mahakamani kwa Ibara ya 11 peke yake. Ibara yenye meno ni ya 13(6)(a), iliyo katika sehemu ya haki za msingi. Inampa mtu fursa ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts ambalo mawakili wa Nyanda za Juu Kusini wanalijua vizuri, ilisema wazi kwamba kusikilizwa ni haki ya kikatiba. Mtu anaweza kuhoji kama ruzuku ya TASAF ni "haki" au ni hisani ya mpango, na hoja hiyo mawakili wa Serikali wataitumia. Hata hivyo chombo cha umma kinachogawa fedha za umma kwa vigezo vilivyotangazwa hakina ruhusa ya kuvitumia kwa siri.

Kuna sheria mbili ambazo sijaona zikitumiwa na watu wa vijijini inavyostahili. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuona taarifa zinazomhusu na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Inakwenda mbele zaidi: inamlinda dhidi ya maamuzi yenye athari kubwa kwake yanayofanywa na mitambo peke yake, na anaweza kutaka uamuzi wa namna hiyo uangaliwe upya. Lile jibu la "kompyuta ndiyo iliyochagua", ambalo kwa miaka limewanyamazisha watu, limegeuka kuwa sababu halali ya kudai mtu mwenye akili na macho aje aangalie.

Barua basi iandikwe. Iende kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri pale Vwawa na kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Iombe mambo mawili tu: kuonyeshwa dodoso la kaya lilijazwa nini kuhusu mgonjwa na kuhusu anayemuuguza, na kaya itathminiwe upya kama isiyo na nguvu kazi. Iambatane na maelezo ya mganga wa zahanati au kituo cha afya yanayotaja vitendo, kama nilivyosema kwa dereva. Iambatane pia na daftari la wiki mbili: saa za kumgeuza, za kumlisha, za kumsafisha, usiku ukiwamo. Daftari la shule linatosha. Majirani wawili na mwenyekiti wa kitongoji waweke saini kwamba wanayaona hayo kila siku. Kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iombwe kulisemea jambo hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, maana anayeuguza mara nyingi hawezi hata kuhudhuria. Naye mtu asiyejua kuandika asione haya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria ili kazi kama hizi zifanyike bila malipo.

Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki nyumbani. Nasisitiza muhuri. Bila muhuri huwezi kuthibitisha kwamba barua ilipokelewa, wala siku 30 zake zilianza kuhesabiwa lini.

Halmashauri ikikaa kimya, malalamiko yaende Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchunguza utendaji mbaya wa ofisi za umma. Mahakama Kuu nayo inaweza kuombwa ipitie uamuzi, ombi la kibali likifikishwa ndani ya miezi 6. Kwa ruzuku ya shilingi elfu chache kwa mwezi, hakuna kaya ya Ruanda itakayomudu safari hiyo peke yake, na sitaki kumdanganya msomaji. Kesi ya namna hiyo inatakiwa kubebwa na shirika la msaada wa kisheria kwa niaba ya kaya nyingi kwa pamoja.

Nimesikia pingamizi kwamba tukifungua mlango huu kila mtu atadai anauguza. Sioni hivyo. Kitongojini watu wanajua nyumba yenye mgonjwa wa kitandani. Wanajua nani alipita usiku kuomba panadol, nani hajaonekana kanisani tangu mvua za mwaka jana. Kudanganya kuhusu ng'ombe aliyefichwa kwa shemeji ni rahisi kuliko kudanganya kuhusu mama aliyepooza. Dodoso likiongezewa swali moja, kwamba je, kuna mtu katika kaya hii asiyeweza kuachwa peke yake kwa saa nne, na nani hubaki naye, mkutano wa kijiji utalijibu kwa usahihi kuliko mtambo wowote.

Limebaki jambo moja ambalo mipango yetu haijaligusa. Mgonjwa akifa, jina lake hufutwa, na anayemuuguza huhesabiwa upya kama mtu huru mwenye afya. Ana miaka hamsini, kiuno kimeharibika, shamba limekuwa pori, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa alishatolewa kwa kutolipa hisa, na hana mchango hata mmoja kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF. Uingereza humwekea anayeuguza rekodi ya michango ya bima ya taifa kwa miaka aliyoacha kazi, ili pensheni yake ya uzeeni isije ikakatwa. Kwa Tanzania Bara hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo: kaya iliyokuwa ikiuguza iachwe kwenye ruzuku kwa muda baada ya mazishi, na muda huo uandikwe kwenye mwongozo ili usitegemee huruma ya mtendaji aliyepo. Madiwani wa Mbozi hawana mamlaka ya kubadilisha mwongozo wa TASAF, lakini wanaweza kupitisha azimio na kulipeleka juu kwa maandishi, pamoja na madaftari ya kaya zilizokatwa.